Gauni lilirudi fupi: kisa cha muuzaji wa mtandaoni na mteja wa sendofu

Majina nimeyatoa, bei nimezisogeza kidogo, na soko lenyewe silitaji. Mimi naingia katikati ya hadithi maana muuzaji alinipigia simu mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo sehemu ya kwanza nimeisimulia kama alivyonisimulia yeye na kama nilivyosoma kwenye chati zao, na sehemu ya pili ndio nilikuwepo.

Nani ni nani

Muuzaji tumwite Mama Gauni maana ndio kazi yake, magauni ya sherehe, sendofu, kicheni pati, mahafali, kipaimara cha mtoto. Yuko Dar, mzigo anachukua kwa jumla Kariakoo, hana fremu, duka lake ni simu pamoja na chumba kimoja cha nyumbani alichokijaza hengeri mpaka watoto wamehamia sebuleni. Miaka mitatu aliuza Instagram na WhatsApp kwa utaratibu tunaoujua wote, pesa kwanza mzigo baadaye, mali ikishauzwa hairudishwi, na mteja msumbufu anapigwa bloku maisha yanaendelea.

Mwaka jana akajiunga na soko moja la mtandaoni ambalo linafanya kazi tofauti kabisa. Pale pesa ya mteja inashikwa na soko mpaka zipite siku 7 tangu apokee mzigo, na ndani ya hizo siku mteja anaweza kufungua dai. Mzigo ukiwa na kasoro au haufanani na tangazo, muuzaji anarudisha pesa yote na nauli ya kurudi ni juu yake. Mteja akiwa amebadili tu mawazo, nauli ni yake na nguo iwe haijavaliwa. Sasa ukikaa ukafikiria dakika moja utaona tatizo liko wapi: kwa mpangilio huo nani atakayeandika "nimebadili mawazo"? Kila mtu anaandika kasoro. Mama Gauni hakukaa hiyo dakika moja, masharti aliyabonyezea nakubali kama tunavyobonyeza wote, na kwenye tangazo lake akaendelea kuandika kwa herufi kubwa MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, maneno ambayo mle ndani hayana uzito wowote, masharti ya soko ndio yanayotawala.

Gauni lenyewe: refu, shanga kifuani, saizi 14, urefu inchi 58 kuanzia begani, shilingi 165,000. Rangi aliandika damu ya mzee. Picha aliyoweka ilikuwa ile ya kiwandani aliyopewa na muuza jumla, imepigwa kwa taa za studio huko huko lilikotengenezwa. Gauni likiwa mkononi lilikuwa limeiva zaidi ya picha, likisogea kwenye zambarau. Mama Gauni alikuwa analijua hilo. Alishauza matano ya aina ile na hakuna aliyelalamika, akaona basi.

Kilichotokea

Jumanne mteja wa Dodoma anaweka oda. Kwenye chati anaeleza ni sendofu ya mdogo wake, Jumamosi hiyo hiyo, kamati imepanga damu ya mzee, dada naomba usiniangushe. Mama Gauni anamjibu usijali mpenzi, hapa umefika.

Alhamisi alfajiri mzigo unapandishwa basi Mbezi, na jioni ya siku hiyo saa 11 mteja anaupokea kwa wakala kwa kutaja namba ya siri ambayo soko lilimtumia. Hiyo saa ikumbuke.

Ijumaa saa 3 usiku mteja anaandika, humo humo kwenye chati ya soko: "Dia limenikaa vizuri mno asante, refu kidogo ila kesho asubuhi napeleka kwa fundi." Mama Gauni anajibu kwa mioyo mitatu na neno karibu tena. Halafu anaisahau kabisa hiyo meseji. Kabisa, yani.

Jumamosi kimya, watu wako ukumbini.

Jumapili saa 5 usiku dai linafunguliwa. "Nimefungua mzigo leo maana nilikuwa safarini, nimekuta zipu mbovu na rangi sio niliyoagiza, naomba pesa yangu." Picha mbili, moja ya zipu iliyoachia meno, nyingine gauni limelazwa kitandani pembeni ya simu inayoonyesha tangazo, ili tofauti ya rangi ionekane. Na kweli ilionekana.

Jumatatu asubuhi Mama Gauni anaamka na taarifa ya dai na saa 48 za kujibu. Namba ya mteja alikuwa nayo kwa sababu walipigiana kuulizia basi, akaingia WhatsApp kuangalia stetasi, na pale akamkuta bibie mwenyewe ndani ya gauni, anacheza, kamshika mkono mdogo wake, jasho linamtoka, ukumbi mzima umevaa damu ya mzee. Stetasi kumi na moja, kazirusha Jumapili. Mama Gauni anasema alizihesabu.

Akapiga skrinishoti zote. Kisha akafanya mambo matatu ndani ya nusu saa. La kwanza, akajibu dai kwa maneno marefu ya muogope Mungu dada, wewe ni mwizi, gauni umelivaa na ushahidi ninao, akabandika skrinishoti mbili. La pili, akazirusha skrinishoti zote, na sura ya mteja inaonekana wazi, kwenye gurupu la wauzaji lenye watu karibu mia mbili, akaandika TAPELI HUYU WA DODOMA MSIMUUZIE. La tatu, akampigia mteja akamwambia anakwenda polisi kuchukua RB, ile namba ya kuandikisha kesi kituoni.

Kufikia jioni ile skrinishoti ilikuwa imeshamfikia mteja kupitia mtu wa mtu, na mteja naye akafungua lalamiko la pili kwa soko, kwamba muuzaji anasambaza picha zake na anamtishia polisi. Pale mambo yaligeuka. Mtu aliyekuwa analalamikia zipu akawa analalamikia usalama wake, na hilo la pili halikuwa la uongo.

Jumatano soko likaamua: mteja arudishe gauni, likifika arudishiwe 165,000 yote, nauli ya kurudi 10,000 ikatwe kwa muuzaji. Kuhusu skrinishoti jibu lao lilikuwa mistari miwili, kwamba picha za nje ya soko hawawezi kuthibitisha zimepigwa lini wala kama gauni ni hilo hilo. Na stetasi nazo, kama unavyojua, saa 24 zikipita zinafutika zenyewe, hakuna pa kwenda kuzihakikisha.

Ijumaa gauni likarudi Mbezi. Mama Gauni akaufungua mfuko pale pale stendi, hasira zimempanda, bila video, bila shahidi, na mfuko akautupa. Begani kulikuwa na pini ya kubania ua imesahaulika, shingoni fandesheni, na gauni lote linanuka pafyumu. Akanipigia simu.

Maamuzi tuliyofanya na kwa nini

Nilichomuuliza kwanza hakukipenda. Nilimwambia lipime.

"Nipime nini?"

Kila ulichoandika kwenye tangazo. Kifua, kiuno, urefu. Mimi nimeuza viatu mtandaoni, nimeshawahi kurudishiwa pea ya mtu mwingine kabisa na nikaambiwa ndio ile ile niliyotuma, kwa hiyo siku hizi kitu kikirudi sikiangalii kwa macho, nakipima. Akachukua futi kamba huku ananung'unika. Kifua sawa. Kiuno sawa. Urefu inchi 55.

Simu ikakaa kimya kidogo. Akaligeuza pindo akakuta limeshonwa upya kwa uzi mweusi, wakati mishono mingine yote ya gauni ni ya uzi wa rangi yake. Ndio akaikumbuka ile meseji ya fundi. Tukarudi kwenye chati tukaikuta imekaa pale toka Ijumaa, na saa yake, kwenye mfumo wa soko wenyewe ambao hawawezi kusema hawana uhakika nao. Siku nne alikuwa anatafuta ushahidi mitaa ya mbali na ushahidi umelala sebuleni.

Rufaa ilikuwa na siku 5, tulikuwa tumebakiza 3. Tukabishana mambo manne.

RB. Gurupu zima lilikuwa linamshauri kachukue RB dada, wasikuzoee. Mimi nilikataa. Kwa 165,000, na mteja yuko mkoa mwingine, utatumia siku za biashara na nauli zaidi ya gauni lenyewe, halafu ukifika kituoni utaulizwa na wewe picha za mwenzio ulizisambaza kwa ruhusa ya nani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu na namba yake ni taarifa zake. Mama Gauni alikuwa anajiona mlalamikaji, hakuwa ameona kwamba anaweza kusimama upande wa pili wa meza.

La pili, ile posti ya gurupu. Nilisema ifutwe, na mteja aombwe radhi kwa hilo tu, kwa meseji fupi ndani ya soko ili ibaki kwenye kumbukumbu. Hapa aligoma nusu saa nzima. Nimuombe radhi mtu aliyeniibia? Nikamwambia hatuombi radhi kwa gauni, tunaomba radhi kwa picha. Mwishoni aliandika mwenyewe: "Samahani kwa kusambaza picha zako, nimezifuta, halikuwa jambo sahihi. Kuhusu gauni nitaendelea kudai kupitia soko." Safi sana, mimi nisingeweza kuandika vizuri zaidi.

La tatu, rangi. Yeye alitaka tukatae kata kata, tuseme rangi ni ile ile. Mimi nikaona anayesoma rufaa ana picha zote mbili mbele yake, macho anayo, tukikataa kinachoonekana hatatuamini na kile kisichoonekana. Tukakubali kwamba picha ya tangazo ni ya kiwandani na rangi halisi imeiva zaidi, ila tukasema mteja aliiona rangi hiyo Alhamisi, Ijumaa akasema limemkaa vizuri, halafu akalipeleka kwa fundi.

Na la nne, stetasi. Hatukuziweka hata moja. Hili ndilo lililomuuma kuliko yote maana zile picha kumi na moja alikuwa anazitazama kila akishika simu.

Rufaa nzima ilikuwa nusu ukurasa. Neno mwizi halimo, Mungu hayumo. Mteja amesema amefungua mzigo Jumapili, kumbukumbu ya wakala inaonyesha aliupokea Alhamisi saa 11 jioni na chati ya Ijumaa saa 3 usiku inaonyesha ameshalijaribu. Mteja anasema anarudisha gauni kama lilivyofika, tangazo linasema inchi 58, lililorudi ni inchi 55, picha ya futi kamba hii hapa, picha ya pindo hii hapa, uzi huu na uzi ule. Basi.

Matokeo

Siku sita baadaye jibu likaja. Mteja hakunyang'anywa pesa yake, ilikuwa imeshatoka, ila soko likamlipa Mama Gauni fidia ya 115,000 kutoka mfukoni mwao. Zile 50,000 zilizobaki walizikata kwa sababu mbili walizozitaja wazi, rangi ya tangazo haikuwa ya kweli, na gauni lilifunguliwa bila video kwa hiyo pini na fandesheni hawawezi kusema vimetoka kwa nani. Kwa kusambaza picha za mteja akapewa onyo, na duka lake likashushwa kwenye matokeo ya kutafuta kwa wiki mbili.

Piga hesabu. Gauni alilinunua 98,000, nauli ya kurudi 10,000, mfuko na boksi 2,000, jumla 110,000. Fidia 115,000. Faida shilingi elfu tano, chipsi mayai na soda, kwa wiki mbili na nusu za presha. Ila gauni likabaki kwake.

Uchambuzi

Dai lilikuwa la uongo, sina shaka nalo. Lakini angalia lilivyojengwa. Mteja hakutunga kila kitu, alianza na kitu kimoja cha kweli, rangi, akakipiga picha vizuri, halafu akabandika juu yake uongo wa siku aliyofungua mzigo. Kama Mama Gauni angepiga picha ya gauni mwenyewe dirishani mchana, hata kwa simu yake ya kawaida, dai lingebaki na zipu peke yake. Na zipu fundi wa mtaani kwake aliitazama akasema imeng'ata kitambaa ikavutwa kwa nguvu, mambo ya mtu kuvua nguo saa nane za usiku amechoka. Hatukuliweka hilo kwenye rufaa, lilikuwa ni maoni ya fundi tu.

Nimewasikia wauzaji wengi wakisema masoko ya mtandaoni yanapendelea wateja. Ni kweli kiasi, pesa ya mteja ndiyo inayoyalisha. Ila katika kisa hiki hukumu ya kwanza mimi nisingeilaumu. Mtu aliyekaa mezani ana madai mia ya kusoma siku hiyo, upande mmoja ana picha mbili na sentensi moja, upande mwingine ana mahubiri na skrinishoti za harusini. Mama Gauni alijibu kana kwamba anamjibu mteja, wakati msomaji ni mtu wa tatu asiyewajua wote wawili. Tabia ya mteja haikuwa swali, swali lilikuwa hali ya gauni. Stetasi zilithibitisha tabia na zilikuwa tamu, na ndio maana zilimpoteza, ukishapata kitu kitamu hivyo hutafuti tena.

Kisheria pia gauni lilikuwa upande wa Mama Gauni. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kuikagua bidhaa, na bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ifanane na maelezo, hapo mteja ana hoja ya rangi. Lakini mnunuzi akishaitendea bidhaa kama mali yake, jambo lisilopatana na kwamba bado ni ya muuzaji, anahesabika ameikubali. Kumpa fundi mkasi akate inchi tatu, sijui kama kuna mfano mzuri zaidi ya huo. Na meseji zina uzito, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kama ushahidi, kwa hiyo zile chati za "dia" na mioyo mitatu sio maneno ya kupita. Sisemi angekwenda mahakamani. Nasema angejua hivyo Jumatatu asubuhi asingekuwa na haja ya kupiga kelele.

Namba ya siri ya wakala ilitusaidia bila sisi kufanya chochote. Angekuwa ametuma kwa utaratibu wake wa zamani, anampigia kondakta, mteja anakwenda stendi anaulizia mzigo wangu uko wapi, Alhamisi na Jumapili zingekuwa maneno ya huyu dhidi ya yule. Kwa hiyo lile soko analolilaani ndilo lililomtunzia saa.

Kosa la mfuko stendi ndilo lililogharimu pesa inayohesabika. Video ya dakika mbili, lebo ya basi inaonekana, mkasi unapita kwenye gundi, pini inaonekana begani, na sehemu ya ile 50,000 ingerudi. Siku hizi anarekodi mara mbili, wakati wa kufunga na wakati wa kufungua, na wakati wa kufunga anaweka futi kamba juu ya gauni. Ameongeza na tagi kubwa nyekundu kama kiganja, imefungwa mbele kifuani kwa plastiki isiyofunguka bila kukatwa, imeandikwa ukinikata sirudi. Zamani tagi ilikuwa ndogo inaning'inia kwapani, mtu anaichomeka ndani anacheza nayo usiku kucha. Hii ya sasa huwezi kwenda nayo ukumbini labda uwe MC.

Kitu kimoja nilikosea mimi. Nilimwambia amuulize mteja moja kwa moja kama anakubali kugawana hasara, kabla ya rufaa. Akauliza, mteja akachukua ile meseji akaiambatanisha kwenye lalamiko lake kama dalili kwamba muuzaji anajua ana kosa. Haikutudhuru sana lakini ilikuwa bahati. Mezani kukishakuwa na dai lenye namba, mazungumzo ya pembeni yanaonekana vingine.

Gauni lenyewe fundi alibadilisha zipu na kulisafisha kwa 8,000, pindo akaliacha kama lilivyo. Kuliuza kama jipya haiwezekani na kama mtumba angepata 60,000 kwa bahati. Akaliweka stetasi kwa neno LINAKODISHWA, 35,000 kwa siku mbili, amana 50,000, picha kapiga mwenyewe dirishani. Limeshatoka mara nne, na mara moja limekwenda Dodoma.